Linda jina yako, namba yako na karte yako: mwongozo kamili wa mutu aliyeketi kabine miaka mine

Nimeketi kabine (kimeza ya ku barabara fasi batu banatuma na kutoa franga kwa telefone) miaka mine hapa Majengo, Goma. Kimeza, parasoli, telefone tatu, kaye moja. Batu banaongeaka mingi juu ya bapirata ba intaneti, eti kuko vijana fasi fulani mbali banaingia mu telefone yako na ordinatere, sikatae, biko, lakini mimi naeleza vile niliona na macho yangu: kwa ile miaka yote mwizi hakuvunjaka kitu. Mwenye franga njo alimupatia. Alimupatia kode na mudomo, ao alimupatia telefone mu mukono, ao alimuachia karte ya elekteri (ile ya kupiga kura, njo kitambulisho yetu) "ya kufanya fotokopi". Kwa hiyo hapa nitaanza na mikono na midomo, mambo ya modipase (maneno ya siri) itakuja nyuma.

Na usiseme wewe hauna kitu ya kuiba. Tangu banki bafunge milango juu ya vita mu januari 2025, telefone njo banki ya Goma. Mushahara, minerval ya batoto, ile kidogo ndugu anatuma toka Kinshasa ao Bulaya, yote inapitia ku ile namba yako moja.

HATUA YA KWANZA: KAYE YA KABINE

Ukitoa franga, mwenye kabine anaandika: jina, namba, ngapi, wakati mwingine ata namba ya karte. Ile kaye inashinda wazi juu ya meza kutoka asubui mupaka mangaribi. Siku moja kijana alikuja kununua inite ya franga 500, alinipatia noti kubwa, nikainama kutafuta ya kumurudishia. Telefone yake ilikuwa imesimama mu mukono kama mutu anasoma mesaje. Sikuelewa. Kisha siku mbili ao tatu, baklia wangu banaanza kunipigia mumoja mumoja: papa, kuko mutu ananiita na jina yangu, anajua kama nilitoa dola 60 jumamosi, ni wewe ulimuambia? Hapo njo nilifahamu, alipiga foto ya paje muzima. Mama mumoja alipoteza, na nikisema ukweli mupaka leo nikimuona ku soko ya Virunga nabadilisha njia.

Sasa wewe kliya, fanya hivi. Usitaje namba yako kwa sauti, andika mwenyewe ao onyesha ku ekra. Kabla ya kuondoka muambie afunge kaye, hakuna mwenye kabine wa kweli atakasirika. PIN (zile namba nne za siri za konti ya franga) unabonyeza weye, na mukono ingine unafunika, hatakama ni mama muzee haoni muzuri na mwenye kabine anasema "lete nikusaidie". Najua inakuwa nguvu juu bamama mingi habajui ile menyu, lakini hapo ni heri atume mutoto wake kuliko kijana wa kabine. Na kama ilifika siku PIN ilitoka mu mudomo, ibadilishe siku ile ile, usingoje kesho.

Baada ya operasio, usiamini mesaje peke yake. Mesaje ya "umepokea dola 100" mutu yeyote anaweza kuiandika na kukutumia kama mesaje ya kawaida. Angalia wapi ilitoka: kama ni namba ya kawaida ya mutu, ni bongo. Alafu fungua menyu mwenyewe, angalia solde (franga yenye iko mu konti). Solde njo inasema ukweli.

HATUA YA PILI: KUKATA TELEFONE BILA HAYA

Hapa nitakaa kidogo juu njo fasi batu mingi banaanguka. Yule mama alinieleza vile ilikuwa, neno kwa neno:

– Allo mama, ni wewe uko na namba inaishia na 47?
– Ndiyo papa.
– Mama yangu, mimi ni wa serivisi ya kampuni. Jumamosi ulitoa dola 60 pa Majengo, siyo?
– Ee, ni kweli.
– Ile operasio ilibloke. Tusipoifungua leo konti inafungwa na ile imebakia ndani inapotea. Sasa hivi unapata mesaje na namba sita, unisomee pole pole tu. Usinipatie PIN mama, PIN ni siri yako.

Umesikia? Yeye mwenyewe njo anasema usinipatie PIN. Baeskro (bezi benye banadanganya batu) banajua batu bamesha sikia mu radio "usipeane PIN", basi habaombake PIN mara ya kwanza. Banaomba "kode", "referanse", "namba ya kufungua". Na mama alifikiri huyu ni mutu muzuri, anamulinda. Alisoma zile sita. Kisha dakika mbili yule mutu akarudia kumuita, eti sistemu inataka "ahakikishe" na zile namba nne, mama alikuwa amesha muamini, akasoma na zile.

Uelewe kitu moja: kujua jina yako haimaanishe anatoka kampuni. Kwa menyu mingi za kutuma franga, ukiingiza namba ya mutu, jina yake inatokea kabla ya kuhakikisha. Eskro anaingiza namba yako, anasoma jina, anakatisha, alafu anakupigia "allo mama fulani". Haimugarimu ata franga moja.

Dawa yake ni moja: unakata. Haubishane, hautukane, haumuulize jina yake (atakupatia, ata na matrikile). Unakata, unapumua, kisha unapigia weye kampuni ku namba unajua tangu zamani, ao unaenda ku ofisi yao. Kama kulikuwa shida ya kweli, nao bataiona mu sistemu yao.

Hii ingine ya "nilikosea kutuma, nirudishie tafazali mutoto iko hopitali": hapo tena angalia solde. Kama franga haikuingia, kwisha. Kama iliingia kweli, usimutumie weye mwenyewe ku namba anakuonyesha, ata akilia. Muambie aende kwa kampuni baregeze operasio, njia iko. Wakati mwingine ile franga iliibiwa kwa mutu mwingine na wewe njo unatumiwa kuisafisha, kesho jina yako njo inatoka mu dosie.

HATUA YA TATU: PIN HAIKO MWAKA WA KUZALIWA

Ku kabine nilionaka vidole, sikutaka lakini macho inaona. 1985. 1991. 1978. Batu mingi sana banaweka mwaka wa kuzaliwa. Na mwaka wa kuzaliwa iko wapi? Iko ku karte ya elekteri, na karte iko mu portemone pamoja na telefone, mwizi anabeba yote mara moja, yaani unamupatia kofuli na ufunguo mu sakoshi moja. PIN ya namba nne iko na njia 10 000, lakini miaka ya kuzaliwa kutoka 1950 mupaka 2007 ni 58 tu. Na ile ya mutoto wako wa kwanza pia iko ku Facebook, ile siku uliweka keki.

Basi chagua namba nne zenye haziko ku karte, haziko ndani ya namba yako ya telefone, na haziko 1234 wala 0000. PIN ya franga na ile ya kufungua telefone zisikuwe moja.

HATUA YA INE: WHATSAPP

Yaya yangu (ndugu yangu mukubwa) balimuibia WhatsApp mu dakika ine. Mesaje ilitoka kwa mutu wa korali yake, anamujua: "Yaya, nimetuma kode kwako kwa kukosea, nirudishie." Yule wa korali naye walikuwa wamesha mubeba yake mbele, ni kama munyororo, inapita toka mumoja kwenda mwingine. Yaya akatuma zile namba sita. Zile namba zilikuwa ni kode ya WhatsApp yake mwenyewe. Saa hiyo hiyo "yaya" anaanza kuomba grupe ya familia nzima dola 50, eti iko mu shida, atarudisha jioni, na tonton mumoja wa Bukavu alituma bila kuuliza.

Kujilinda kunaomba dakika tatu. Fungua WhatsApp, bonyeza zile nukta tatu juu, ingia "Paramètres", kisha "Compte", kisha "Vérification en deux étapes", activa, weka PIN ya namba sita yenye utakumbuka, na imeli pia ukiwa nayo. Tangu hapo hatakama mutu anapata kode ya mesaje, itamuomba na ile PIN ya pili. Kisha rudia ku zile nukta tatu, ingia "Appareils connectés". Ukiona ordinatere yenye hauijue, labda ile ya cyber ulifungulia mwaka jana ukasahau kufunga, itoe.

Kuko mutego mwingine mubaya kuliko ule. Mutu anakuambia "ili upate zawadi, piga *21* na hii namba, malizia na #". Usipige! Ile inageuza simu zako zote ziende ku telefone yake. Kisha anaomba WhatsApp imupigie simu kumusomea kode, na simu inaingia kwake. Kujua kama umesha anguka, piga *#21#, itakuonyesha kama simu zako zinageuzwa. Kutoa yote ni ##002#. Inatumika kwa mitandao mingi, jaribu sasa kabla ya kuendelea kusoma.

Na kama bamesha kuibia: weka WhatsApp upya ku telefone yako na namba yako, omba kode, ingiza. Mwizi anatoka moja kwa moja. Kama yeye aliweka PIN yake ya pili na haujui, utangojea siku 7 ndio uingie bila ile PIN, lakini ule wakati naye hayuko ndani tena. Mbele ya yote pigia batu kwa sauti, siyo kwa kuandika, wajue haiko wewe. Yaya alipoteza saa mbili akilia, na ni mu zile saa mbili tonton alituma.

HATUA YA TANO: KARTE SIM

Ukinunua SIM ku barabara, ule kijana anakupiga foto, anapiga karte yako foto. Kama anasema "haikutoka muzuri, turudilie" mara mbili, mara tatu, uliza juu ya nini na angalia ekra yake. Kuko benye banasajilisha SIM mbili kwa jina yako, moja banakuuzia, ingine banauza kwa mutu mwenye hataki kujulikana. Heri uende ofisi ya kampuni, hatakama ni safu ya jua. Na ukiwa pale uliza namba ngapi zimeandikwa ku jina yako. Yenye hauijue, omba waifunge na uchukue jina ya ajenti alikuhudumia.

Weka PIN ku SIM yenyewe, iko mu "Sécurité" ya telefone. Batu banaweka kode ku ekra na kufikiri imeisha, kumbe mwizi anatoa SIM, anaitia mu telefone yake ndogo ya matoshi, na kode zote za mesaje zinaingia kwake. SIM yenye PIN haifanye vile. Lakini chunga, ukikosea mara 3 inaomba PUK, namba 8 za kuifungua, na ile PUK iko ku plastiki kubwa yenye SIM ilitokamo, yenye wote tunatupaka. Usiitupe.

Na sisi batu wa Goma tuko na kitu chetu: SIM ya Rwanda. Nani hana moja ya wakati alikuwa anavuka petite barrière (mupaka wa kwenda Gisenyi, Rwanda) kila siku? Unaiacha mu droo, hauiweke inite, kisha wakati fulani kampuni inaichukua na kuiuza tena kwa mutu mwingine. Kama Facebook yako ao Google yako ilikuwa inatumia ile namba, yule mutu mupya wa Gisenyi, hatakama ni mutu muzuri hana kosa, anaanza kupokea kode zako. Kabla ya kuacha namba yoyote, toa namba ile fasi zote: Facebook, Google, WhatsApp, konti ya franga. Nusu saa, unamaliza.

HATUA YA SITA: KARTE YA ELEKTERI NA FOTOKOPI

Soma karte yako kama mwizi. Majina yote, siku na fasi ulizaliwa, jina ya baba, jina ya mama, asili, adresi, foto, saini. Ile ni maisha yako nzima ku plastiki. Na juu zile za 2023 wino yake ilianza kupotea, batu balikimbilia kufanya fotokopi mingi na kupiga foto, sasa ziko kila fasi: mu galeri, mu WhatsApp ya mwenye fotokopi, ku sakafu ya cyber.

Ukipeleka fotokopi, chukua biki, pitisha mustari mbili juu yake bila kufunika jina, andika kati: "Kwa ajili ya kupanga nyumba Himbi tu", tarehe, saini. Mutu akitaka kuitumia kwa kitu ingine, maandishi inamukataa. Kama inatumwa kwa WhatsApp, andika ku karatasi mbele, kisha piga foto, alafu muambie mwenye fotokopi aifute ukiwa bado umesimama pale. Fotokopi imetoka vibaya, usiiache, unaondoka nayo.

Na tafazali, ile desturi ya "nimeokota karte ya mutu, partagez mupaka imufikie": moyo ni muzuri, lakini unatangaza jina ya mama yake na siku alizaliwa mu grupe ya batu 900. Funika na kidole, acha jina na foto tu. Yote mengine mwenye karte atakueleza akikuja kuichukua, na hapo njo utajua ni yake.

Tarehe 22 mei 2021, Nyiragongo ilipotoka, nilikimbia na sakoshi na mutoto mu mugongo, karte ilibaki ku meza. Tangu hapo niko na kopi mbili: moja kwa mama mukwe wangu, ingine mu imeli yangu mwenyewe, siyo mu galeri.

KAZI YA ONG (MASHIRIKA YA MUSAADA) NA JETON

Hii nitapita haraka juu iko wazi, hatakama batu biko na njaa hawaoni. Kazi ya kweli haiombe franga ya dosie. Umoja wa Mataifa na maajensi yake habaombake ata dola moja kwa hatua yoyote ya kuajiri. Ukiona tangazo yenye inaomba dola 20 "ya formasio" ku namba ya mutu, pamoja na foto ya karte mbele na nyuma, wanachukua mara mbili: franga leo, jina kesho. Ni vile vile na jeton, yaani zile orodha za musaada. Mwenye anapita mu kambi ao mu kartie na kaye yake, anaandika majina na namba za karte, bila shefu wa avenyi kumujua, usimupatie hata namba moja.

KWA MUTENGENEZAJI

Ekra imevunjika, unaenda Birere. Toa SIM, toa karte memwari, ondoka navyo. Akisema anataka kode ya ekra ili ajaribu, baki pale, ifungue weye, ungojee. Najua batu watasema ni kumushuku, lakini fundi wangu nimemujua tangu tuko badogo na bado natoa SIM mbele yake, hajakasirika, ananiambia tu niko na wazimu.

KAMA IMESHA FIKA

Kama bamesha kuibia telefone ao franga, kufuata mustari wa hatua ni muhimu. Usikimbie kwanza Facebook kuandika.

Kwanza, azima telefone, pigia kampuni, funga SIM na konti ya franga. Hii ni ya dakika kumi za kwanza. Pili, pigia batu watano benye eskro angeandikia: bwana ao bibi, mama, patro, mutu wa likelemba (mwenye munachangiana franga), mukubwa wa grupe ya familia. Tatu, ingia Google na Facebook ku telefone ya mutu wa nyumbani, badilisha modipase, kisha toa vifaa vyote vyenye havijulikane. Ya ine, ofisi ya kampuni, uchukue SIM mupya ya namba ile ile. Ya tano, ku kartie ao komine, omba atestasio ya kupoteza, juu kama karte yako inatumiwa ku kitu kibaya mwezi ujao, ile karatasi na tarehe yake njo mutetezi wako. Kisha malalamiko. Kuko sheria, Code du numérique ya tarehe 13 marsi 2023, inagusa kulinda habari za mutu na makosa ya mitandao. Nani anapokea malalamiko leo Goma, hapo kila mutu wa huku anaelewa, sitaingia. Lakini andika hatakama ni ku karatasi yako: saa, namba ilikuita, franga ngapi, referanse ya operasio. Foto za ekra usizifute.

Na ili yote ile iwezekane, andaa karatasi moja leo, juu siku telefone imeenda, kila kitu ilikuwa ndani ya telefone. Piga *#06#, andika zile namba 15 za IMEI (zinatambulisha telefone yenyewe). Andika PUK. Andika namba ya kampuni na namba za wale batu watano, juu nani anajua namba ya bwana yake ku kichwa siku hizi? PIN usiiandike humo. Ikunje, weka nyumbani, isiwe mu portemone. Yangu iko nyuma ya kadre ya foto ya ndoa, na bibi yangu njo alichagua ile fasi.